Wasomaji Wanauliza: Urubani wa Kijeshi Ukiwa Bado Chuoni

Wasomaji wetu wanaosoma Marekani wamekuwa wakiuliza jinsi ya kuingia urubani wa jeshi la huko kabla ya kumaliza shahada. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Nipo mwaka wa kwanza chuoni, Ohio. Nilipita ofisi ya uandikishaji iliyopo kwenye jengo la maduka nikasema nataka kurusha ndege. Wameniambia nisaini kwanza ufundi wa ndege, urubani utafuata. Nisaini?

Usisaini, mdogo wetu. Ofisi za namna hiyo kazi yake kubwa ni kuandikisha askari wa kawaida, na rubani wa jeshi la Marekani ni afisa. Ufundi wa ndege ni kazi ya heshima, lakini hauna ngazi inayokupandisha yenyewe hadi kwenye kiti cha rubani. Ukitaka kuhama baadaye utaomba uofisa upya, ukiwa na shahada mkononi, na utashindana na waombaji wote wengine. Aliyekuambia "urubani utafuata" hajasema uongo mtupu, kwa kuwa wapo waliopita huko. Amekuficha tu urefu wa njia. Na ahadi ya mdomo haina kazi jeshini. Kisichoandikwa kwenye mkataba hakipo.

Mtu wa kumtafuta ni anayeshughulika na maofisa. Kwa Jeshi la Anga, nenda kwenye kikosi cha ROTC, yaani mafunzo ya ukadeti ya kuandaa maofisa, chuoni kwako. Kama chuo chako hakina, vyuo vingi vina makubaliano na jirani, unasoma kwako na kufanya ukadeti kwao. Marine Corps (wanajeshi wa majini wanaopigana pia nchi kavu) wana afisa maalumu wa kuteua wanafunzi, anayeitwa OSO kwa kifupi, na huwa ana eneo lenye vyuo kadhaa. Navy, yaani jeshi la majini, nao wana waandikishaji wa maofisa, tofauti na wale wa askari wa kawaida. Ukipiga simu, sentensi yako ya kwanza iwe: "Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naomba kuzungumza na anayeshughulikia maofisa." Utaokoa wiki nzima.

Sasa tofauti ya njia zenyewe, maana hapa ndipo wengi huchanganya.

ROTC ya Jeshi la Anga inakwenda sambamba na masomo yako. Miaka miwili ya mwanzo una kipindi cha darasani cha kama saa moja kwa wiki, saa mbili hivi za mafunzo ya uongozi, na mazoezi ya mwili alfajiri. Asiye na ufadhili anaweza kuondoka katika miaka hiyo miwili bila deni lolote. Katika mwaka wa pili unashindania nafasi ya kambi ya mafunzo ya kiangazi, katika kituo cha Maxwell, Alabama. Ukipita kambi unaingia mkataba, na mwaka wa tatu jina lako linakwenda kwenye bodi inayochagua marubani. Maana yake unasaini kuwa afisa kabla hujajua kama utarusha ndege. Bodi ikikukataa, utakuwa afisa wa kazi nyingine, na huwezi kurudisha mkataba kwa sababu hiyo.

PLC, mpango wa Marine Corps wa kuandaa maofisa kutoka vyuoni, ni kinyume chake. Wakati wa masomo huvai sare wala huhudhurii chochote. Mafunzo yote ni ya kiangazi, Quantico, Virginia: vipindi viwili vya wiki 6 kwa aliyeanza mwaka wa kwanza au wa pili, au kimoja cha wiki 10 kwa aliyeanza mwaka wa tatu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba nafasi ya shule ya urubani unaweza kuandikiwa kabla hujakanyaga Quantico, kwa sharti uwe umefaulu mtihani wa urubani na vipimo vya afya. Ukimaliza mafunzo na moyo ukakataa, unaweza kukataa kamisheni, yaani cheo cha uofisa, mradi hujapokea fedha zao za karo. Sisi, kwa anayetaka urubani tu na si kazi nyingine ya uofisa, tungemwelekeza aanze kuuliza huku. Ila ajue kitu kimoja: ndege za Marine Corps ni pamoja na helikopta nyingi na zile za Osprey, zinazopaa kama helikopta na kuruka kama ndege, na hakuna anayekuahidi ndege ya kivita.

Jeshi la Nchi Kavu lina ROTC yake, lakini lina pia mlango ambao hauhitaji shahada. Mtu anaomba kuwa rubani akiwa na cheo cha ofisa mteule (warrant officer), na anaweza kuomba akiwa raia asiyewahi kuvaa sare. Karibu kazi yote huko ni ya helikopta, na shule ni Fort Rucker, Alabama. Hatumshauri mtu aache chuo kwa ajili hiyo, kwa sababu ukikosa nafasi utabaki bila shahada na bila ndege.

Nimeanza mwaka wa tatu na sijajiunga na chochote. Nimechelewa?

Kwa ROTC ya Jeshi la Anga, dada, umechelewa au unakaribia kuchelewa, isipokuwa una mpango wa kuongeza miaka au kuunganisha shahada ya pili. Kwa PLC ya wiki 10 hujachelewa hata kidogo, lakini maombi yanapaswa kuwa mezani miezi mingi kabla ya kiangazi kufika. Vipimo vya afya vikirudishwa mara moja tu kwa ajili ya karatasi moja iliyokosekana, miezi miwili inapotea.

Halafu kuna shule za uofisa baada ya shahada: OTS ya Jeshi la Anga, ipo Maxwell, na OCS ya Navy, ipo Newport, Rhode Island. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaruhusiwa kuomba kabla ya kuhitimu. Huko nako unachaguliwa ukiwa rubani tangu kwenye barua, kwa hiyo ukikosa urubani unaweza kusema hapana. Ubaya wake ni kwamba idadi ya nafasi hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka kulingana na mahitaji, na shule hizi ndizo jeshi hutumia kujazia pengo.

Njia inayosahaulika ni Walinzi wa Taifa wa Anga (Air National Guard). Kila kikosi kinaajiri marubani wake chenyewe, na unajua ndege utakayorusha kabla ya kuomba, kwa sababu kikosi cha ndege za mizigo hakitakupeleka kwenye ndege za kivita. Wanapenda mtu waliyemwona uso kwa uso. Unaomba ruhusa ya kutembelea kikosi, unakwenda, unakaa nao, unarudi tena. Waombaji wengi hutuma bahasha tu na kungoja jibu.

Nina grinikadi. Naweza kuomba?

Kuandikishwa kama askari wa kawaida unaweza. Kamisheni ya uofisa, na kwa hiyo urubani, inahitaji uraia wa Marekani.

Kabla hujakata tamaa, kagua kama tayari wewe ni raia bila kujua. Tangu Februari 2001, mtoto mwenye grinikadi anayeishi Marekani chini ya malezi ya mzazi aliyepata uraia hupata uraia moja kwa moja, mradi yote hayo yametimia kabla hajafikisha miaka 18. Hakuna sherehe wala barua inayokuja nyumbani. Mtu anafika miaka 20 bado anatembea na kadi, kumbe uraia anao tangu akiwa na 15. Ukiwa hivyo, omba pasipoti ya Marekani au cheti kwa fomu N-600.

Kama sivyo, utaratibu wa kawaida ni miaka 5 ya ukaazi, na fomu N-400 ya kuomba uraia inaruhusiwa kuwasilishwa siku 90 kabla ya miaka hiyo kutimia. Hesabu tarehe hiyo sasa, kisha uilinganishe na mwaka utakaohitimu. Wapo wanaojiandikisha kwanza kama askari wa kawaida kwenye Walinzi wa Taifa, wakapata uraia kupitia utumishi, wakamaliza shahada, ndipo wakaomba urubani. Ni njia ndefu, lakini ni ya kweli. Ukichukua uraia mpya, angalia pia sheria ya nchi uliyotoka: Kenya inakubali uraia pacha tangu katiba ya 2010, wakati Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima.

Mtihani wa urubani ukoje, na nijiandaeje?

Ipo mitatu, na masharti ya kurudia hayafanani. Anza na hayo masharti.

ASTB ni wa Navy, Marine Corps na Walinzi wa Pwani. Unaruhusiwa mara 3 maishani. Kati ya mara ya kwanza na ya pili zipite siku 30, kati ya pili na tatu zipite 90. SIFT ni wa Jeshi la Nchi Kavu: alama ni kuanzia 20 hadi 80, kufaulu ni 40, na ukishafaulu hauruhusiwi kuurudia hata kama umepata 40 kamili. Huo ni mtego. Mtu anakwenda "kuonja" mtihani, anapata 41, na 41 hiyo anaishi nayo milele mbele ya bodi. AFOQT ni wa Jeshi la Anga, nao una ukomo wa kurudia. Kwa hiyo usiende kuonja mtihani wowote kati ya hii.

AFOQT unachukua karibu nusu siku, na ndani yake alama ya urubani hutoka kwenye sehemu chache: hesabu, kusoma majedwali, kusoma vyombo vya ndege na maarifa ya ndege. Majedwali ni maswali 40 kwa dakika 7. Vyombo ni maswali 25 kwa dakika 5, yaani sekunde 12 kwa swali: unaona upeo bandia (chombo kinachoonyesha ndege ilivyoinama) na dira, unachagua picha ya ndege iliyokaa hivyo. Hakuna ujanja wa akili hapo ila mazoea ya mkono na jicho. Angalia dira kwanza, futa picha ambazo ndege haielekei huko, kisha angalia mlalo wa mabawa. Baadaye kuna TBAS, kipimo cha kompyuta chenye fimbo na pedali, na alama zake zikichanganywa na za AFOQT pamoja na saa zako za kurusha ndege hutoa alama moja ya 1 hadi 99 inayoitwa PCSM.

Kwenye ASTB, sehemu ya fimbo ndiyo inayowaangusha wenye GPA nzuri. Inaanza na ramani inayoonyesha ndege isiyo na rubani ikielekea upande fulani, na pembeni picha ya kamera yake: jengo katikati, maegesho pande nne. Unaambiwa "gusa maegesho ya kaskazini." Kama ndege inaelekea mashariki, juu ya picha ni mashariki, kulia ni kusini, chini ni magharibi, kushoto ni kaskazini. Kanuni ni kwamba uelekeo wa ndege unakaa juu, na nyingine zinafuata mzunguko wa saa. Fanyia mazoezi kwa karatasi hadi jibu litoke bila kugeuza shingo.

Kisha unavaa vipokea sauti. Sikio la kushoto na la kulia yanasomewa herufi na namba tofauti kwa wakati mmoja, unaambiwa usikilize sikio moja tu, na ubonyeze kitufe kimoja kwa namba shufwa, kingine kwa witiri. Ukishalizoea hilo, unapewa ndege ya kuifuata kwa mkono wa injini upande wa kushoto, halafu nyingine kwa fimbo upande wa kulia, halafu zote mbili, halafu zote mbili huku masikio yakiendelea kusomewa. Makosa yanayojirudia ni mawili. La kwanza ni kukaza mkono: lengo likitoroka mtu anaifinya fimbo, anapitiliza, anarudi kwa nguvu, anapitiliza tena. Sogeza kidogo na urekebishe mapema. La pili ni kuachia kazi moja kabisa ili kuokoa nyingine. Ni afadhali zote mbili ziyumbe kidogo.

SIFT una sehemu ya michoro mepesi, maswali 100 kwa dakika 2. Usishtuke ukiachwa katikati, wengi huachwa.

Navaa lenzi za macho, na utotoni nilikuwa natumia pampu ya pumu. Nijisumbue?

Jisumbue, lakini anza na hili kabla ya mtihani wowote.

Pumu: swali lao ni kama uligunduliwa au kutibiwa baada ya kutimiza miaka 13. Kama ilikuwa kabla ya hapo na kumbukumbu za hospitali zinaonyesha hivyo, si kikwazo. Kama ni baada, utahitaji msamaha wa kitabibu, na kwa urubani si rahisi. Shida ya kawaida ni mtu aliyeandikiwa pampu akiwa na 16 kwa ajili ya kikohozi cha mafua, na daktari akaandika "pumu" ili bima ilipe. Tafuta faili hilo mapema. Usifikirie kulificha: tangu 2022 vituo vya upimaji hutumia mfumo wa kielektroniki unaovuta rekodi za hospitali na za maduka ya dawa.

Macho: nenda kwa daktari wa kawaida wa macho, umwambie akupime kana kwamba unakwenda kuwa rubani. Yaani uoni bila miwani, uoni kwa miwani, rangi, hisia ya kina, na kipimo cha baada ya dawa ya kulegeza misuli ya jicho. Hicho cha mwisho ndicho kinachowashangaza wasiovaa miwani kabisa. Jicho la kijana lina nguvu ya kujikaza na kuficha kasoro ya kuona karibu, dawa ikilegeza msuli kasoro inajitokeza, na mtu aliyesoma mstari wa mwisho ubaoni anarudishwa nyumbani. Lenzi nazo hubadili umbo la konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, hivyo kila jeshi lina siku zake za kuzivua kabla ya kupimwa. Uliza idadi hiyo wakati unapopangiwa tarehe, na uende na miwani.

Upasuaji wa laser, PRK au LASIK, unakubalika siku hizi. Masharti ya jumla ya kuingia jeshini ni kwamba kabla ya upasuaji tatizo lisiwe limezidi dayopta 8, na zipite angalau siku 180 baada yake. Kwa urubani huongezwa vipimo zaidi. Omba nakala ya vipimo vya kabla ya upasuaji siku ileile, kwa sababu kliniki zikifungwa, vipimo hivyo hupotea nazo. Upofu wa rangi hautibiki na hausamehewi kirahisi.

Mmoja aliuliza kuhusu selimundu. Ugonjwa wenyewe ni kikwazo. Kubeba chembe yake tu bila dalili hakukufungii mlango.

Mimi ni mzazi. Mwanangu anajaza fomu ya usalama na ameniambia nisimtaje kaka yangu aliyeko nyumbani, eti nchi ya nje italeta matatizo. Ni kweli?

Mama, shikamoo. Mwambie amwandike mjomba wake.

Fomu hiyo ni SF-86. Inataka makazi ya miaka 10, safari za nje za miaka 7, ndugu wa karibu walipo na uraia wao, na watu wa nje ambao mtu ana ukaribu nao. Kuwa na ndugu ughaibuni si kosa. Wachunguzi wanataka kujua kama kuna anayeweza kumshinikiza kijana wako kupitia ndugu hao, na jambo lililoandikwa wazi haliwezi kutumiwa kumtisha. Kuficha ndiko kunakoua maombi, na fomu inasainiwa chini ya sheria inayoadhibu uongo. Aandike pia fedha anazotuma nyumbani pale fomu inapouliza.

Mahali inapokwama hasa ni tarehe na anuani. Kaeni mezani na pasipoti za zamani, mwandike mihuri ya kuingia na kutoka kabla hajafungua fomu. Bangi nayo, hata kama jimbo limeihalalisha, kwa serikali kuu bado ni kosa. Aache leo, na akiulizwa aseme kweli.

Nasomea fasihi. Lazima niwe na fizikia?

Hapana. Shahada yoyote inatosha, na GPA ya juu katika fasihi inamshinda mwenye GPA hafifu ya uhandisi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ufadhili wa ROTC ndio unaopendelea sayansi.

Nilipie leseni ya kiraia kwanza?

Saa za kurusha ndege zinaongeza PCSM, na za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Kwa hiyo saa chache zinafaa, kwanza ujue kama tumbo lako linastahimili. Leseni kamili, ambayo sheria inataka angalau saa 40, usiikopee. Fedha ikiwa kidogo, peleka muda wako kwenye kukimbia. Kwa Marine Corps alama kamili za mbio za maili 3 ni dakika 18 kwa wanaume na 21 kwa wanawake, na mwanamume wa miaka 21 hadi 25 hupata alama kamili akijivuta kwenye bomba mara 23. Mikono inyooke kabisa chini, kidevu kipite juu ya bomba, bila kurusha miguu. Anayejizoesha nusunusu nyumbani hufika na 20 zake akahesabiwa 11.

Nikishavishwa mabawa nitadaiwa miaka mingapi? Na nikishindwa shule ya urubani?

Jeshi la Anga ni miaka 10, na inaanza kuhesabiwa unapomaliza mafunzo ya urubani, si unapohitimu chuo. Jeshi la Nchi Kavu nalo ni 10. Navy na Marine Corps hutegemea aina ya ndege. Ukihitimu na miaka 22, ukapata mabawa na 24, utakuwa huru na 34. Kwa Marine Corps ongeza kama miezi sita ya shule ya awali ya maofisa, inayopitiwa na kila mmoja wao kabla ya kwenda Pensacola, Florida, ambako mafunzo ya urubani huanzia.

Ukishindwa shule, unabaki afisa. Jeshi linaamua kukupangia kazi nyingine au kukuachia, na ombi lako husikilizwa lakini si lazima likubaliwe. Muulize afisa anayekuandikisha jambo hili mbele ya karatasi, na umwombe akuonyeshe aya inayolihusu kabla ya kuweka sahihi.